Mpaka Mota Itulie

Wiki ya tatu tangu Mama afungwe taya, blenda yetu ilianza kudanganya.

Sina neno jingine la kuiita tabia ile. Nikiiwasha inanguruma kama kawaida, kitaa chake chekundu kinawaka, meza inatetemeka, na mtu aliye chumba cha pili angeapa kwamba jikoni kazi inafanyika. Lakini nikifunua mfuniko nakuta karoti zimekaa vilevile nilivyozitia, zinanitazama.

Huyo Mama ni mama mkwe wangu. Ni fundi cherehani, na hana dogo. Alikuwa anapanda ngazi za mteja na pazia aliloshona kwa siku mbili, akakanyaga upindo wa gauni lake mwenyewe. Pazia hakuliachia. Alianguka huku amelinyanyua juu kwa mikono miwili, halikushika hata vumbi. Taya ndilo lililofika chini kwa niaba yake. Hospitali wakayafunga meno ya juu na ya chini kwa nyaya nyembamba. Wiki sita, wakasema. Chakula chote kipite kwenye mrija, na kila Jumatatu aje apimwe uzito. Kwa kuwa anaishi peke yake, mume wangu akamleta kwetu.

Jumatatu ya kwanza alikuwa na kilo hamsini na tatu. Ya pili, hamsini na moja na nusu. Ya tatu, hamsini kamili.

"Mama," daktari alimwambia kwa upole, "ukishuka chini ya arobaini na tisa nitakulaza. Nitakupitishia mpira puani mpaka nyaya zitoke."

Mama akatoa mkobani kitambaa chake cheusi, masalio ya suti ya mtu, na chaki bapa ya kuchorea nguo. Kuongea aliweza, lakini kwa meno yaliyobanwa sauti ilitoka kama nyuki ndani ya chupa, na binti yangu Kidosho, mwenye miezi minane, alilia kila alipoisikia. Kwa hiyo akawa anaandika. Unasoma, anapangusa kwa kiganja, anaandika tena. Siku ile alimwandikia daktari: PUA YANGU NI YA KUVUTIA HEWA.

Daktari alicheka, lakini kauli yake hakuibadilisha.

Basi nyumbani kwetu kukawa na watu wawili wasiotafuna, bibi na mjukuu. Chungu kimoja, blenda moja. Mmoja kwa kijiko, mmoja kwa mrija. Nachemsha viazi, karoti na kuku, nasaga, nachuja, narudia. Kidosho anauchukia mlio wa blenda kuliko sindano ya kliniki, kwa hiyo nilikuwa na mwendo wangu: mkono mmoja unazima, mwingine umeshanyakua jagi, nusu dakika baadaye nimeketi naye na kijiko kiko kinywani. Nilijiona hodari sana.

Ijumaa mchana blenda ikagoma kabisa. Nilibonyeza namba moja, namba mbili, namba tatu. Ilipiga kelele, ikatoa harufu ya raba iliyoungua, na viazi havikusogea. Kidosho alikuwa analia, chungu kinapoa, na Mama ameketi na mrija wake mkononi kama mgeni aliyekaribishwa akasahauliwa. Hapo ndipo nilipomtolea uvivu.

"Na ule mchele mkavu nao, Mama! Blenda hii si ya kusagia nafaka."

Maana kabla ya kuanguka, kila alipotutembelea Mama alikuwa akimsagia mjukuu mchele kwa ajili ya uji. Nilikuwa nikiusikia unapiga ndani ya jagi kama changarawe juu ya bati, nikiuma meno na kunyamaza. Mama mkwe ni mama mkwe. Sasa maneno yalikuwa yametoka, na siwezi kusema yaliponyoka, niliyatoa mwenyewe.

Mama alinitazama. Akachukua chaki. Nikajiandaa, kwa sababu mwanamke aliyemjibu daktari vile asingeshindwa na mimi.

Aliandika: NI KWELI.

Kisha akapangusa.

Niliponda vile viazi kwa mwiko, nikavichuja mara mbili. Chembe zikaziba mrija. Jirani yetu ana blenda, lakini anauza juisi na yake haipumziki. Mwishowe Mama alikunywa mchuzi mtupu, nusu kikombe, akakisukuma pembeni. NIMESHIBA, akaandika. Jioni vilevile. Nilimtazama shingo, ile mifupa miwili ya mabega ilivyochomoza, nikahesabu siku: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu.

Asubuhi yake nilimpigia mume wangu, ambaye huendesha lori na alikuwa mbali.

"Umeitikisa?" akauliza.

"Nimeitikisa."

"Umeipiga kofi ubavuni?"

"Baba Kidosho, hii si redio ya babu yako."

"Basi mpelekee fundi."

"Nikimpelekea blenda nzima ataiweka rafuni mpaka Jumatano. Nataka nimpelekee ugonjwa wenyewe."

"Haya, daktari," akasema, na nilisikia anatabasamu. "Lakini chomoa waya kwanza."

Mwalimu wetu wa fizikia, kwenye masomo ya jioni, ana msemo wake: anza na kile kinachofanya kazi, kifuate mpaka kinapokomea. Nilimlaza Kidosho mkekani na vijiko vitatu vya kuchezea, nikaanza.

Umeme upo, kwa sababu pasi iliwaka kwenye soketi ileile. Mota ipo, kwa sababu blenda bila jagi ilizunguka laini, bila kusita. Nikachomoa waya, nikageuza jagi, nikasukuma visu kwa mpini wa mwiko. Vilizunguka vyepesi, havikukwama popote. Nikatia maji, nikawasha: maji yakazunguka. Nikaongeza kiazi kimoja: visu vikasimama, na mota ikaendelea kupiga kelele kwa furaha zake.

Nilikuwa bado nimeduwaa pale mkono wa Mama ulipopita kando yangu. Sikujua kama ameinuka. Aliweka kiganja kimoja kwenye tumbo la blenda na kingine kwenye mfuniko wa jagi, akafumba macho. Hivyo ndivyo anavyosikiliza cherehani yake. Amefanya hivyo miaka thelathini, na mafundi wengine wa mtaani kwao humwita aje awashikie mashine zao. Alikaa hivyo kidogo, akanyooshea kidole swichi nizime, akaandika:

CHINI INAKIMBIA. JUU IMELALA. KATIKATI HAKUNA ANAYESHIKA.

"Kama mkanda wa cherehani uliolegea?"

Akaitikia kwa kichwa: ndiyo. Kisha, kama mtu aliyekumbuka kwamba kesi ni yake, akarudi kwenye kiti chake.

Nikatazama katikati. Pale juu ya mota, panapokaa jagi, kuna kigurudumu cha raba ngumu chenye meno sita. Meno yake yanaingia kwenye kigurudumu mwenzake kilicho chini ya jagi, na hivyo ndivyo visu vinavyopata nguvu. Nilikuwa nimekiona mara elfu bila kukiangalia. Sasa nilipitisha kidole. Meno yalikuwa yamekwisha, yamebaki kama vilima vidogo, na pembeni yake kulikuwa na unga mweusi wa raba, kama ule unaobaki mtu akifuta daftari.

Nilifurahi kama niliyeokota kitu cha thamani. "Nimekiona, Mama! Ni hiki!"

Kukiona ni jambo moja, kukitoa ni jingine. Kilikuwa kimefungwa kwenye chuma cha mota kama kifuniko cha chupa. Nilihakikisha waya umechomolewa, nikalaza blenda kifudifudi, nikafungua skrubu nne za chini, nikakibana kile chuma kwa koleo lililoviringishwa kitambaa kisiteleze. Halafu nikakizungusha kile kigurudumu kama ninavyofungua chupa. Hakikutikisika. Nikatia nguvu. Nikatia sabuni. Nikatia magoti. Kidosho akadhani ni mchezo, akapiga vijiko.

Nyuma yangu nikasikia nyuki ndani ya chupa: Mama ananiita. Alikuwa amechora kwenye kitambaa duara lenye mshale, na mshale ulielekea upande ambao mimi nilikuwa nikiamini ni wa kukaza.

"Huku? Mama, huku si ndiko kukaza?"

Akaandika: KINGEKUWA KAMA CHUPA KINGEJIFUNGUA KIKIFANYA KAZI.

Nikafikiri. Nikaona. Kama mzigo wa viazi unakisukuma upande mmoja siku nzima, lazima nyuzi zake zikatwe hivi kwamba mzigo uzidi kukikaza. Kwa robo saa nzima mimi nilikuwa nikiusaidia mzigo. Nikageuza mkono upande wa mshale, nikavuta pumzi, na kigurudumu kikaachia kwa mlio mdogo, tak, nikaanguka kitako.

Mabega ya Mama yakatikisika mara mbili kwa kicheko. Lakini nilipomletea kikombe cha maziwa kabla ya kutoka, alikunywa robo.

Fundi Miwani ana kibanda nyuma ya duka la dawa. Amejaza birika zisizo na mishikio na feni zisizo na mapanga, na huvaa miwani mbili, moja machoni, nyingine kwenye paji la uso, ambayo huiita ya akiba. Niliingia na Kidosho mgongoni, jagi mkononi, na kile kigurudumu kwenye mfuko wa gauni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama mtoto. Umeniletea mgonjwa au marehemu?"

"Nimekuletea kiungo tu. Mwili nimeuacha nyumbani."

Akashusha miwani ya akiba juu ya ile nyingine, akakipokea. "Gia hii. Nani kakufungulia?"

"Mimi na mama mkwe."

"Mama mkwe wako ana bisibisi?"

"Ana chaki."

Alinitazama kupitia vioo vyote vinne, akaamua kutouliza. Akavuta kopo la gia za kila namna, akawa anazilinganisha na yangu moja moja: idadi ya meno, kimo, na zaidi ya yote nyuzi za ndani. "Hapa watu hukadiria kwa macho," alisema. "Halafu wanarudi wanalia kwamba nimewauzia mbovu. Hebu nipe jagi nimwone na mwenzake. Ukiweka mpya juu ya mbovu, mbovu itamla mpya." Alipapasa chini ya jagi. "Huyu mzima. Ni chuma. Kazi yote kaimalizia kwa mdogo wake."

"Ni mchele mkavu," nikasema. Nilisema haraka, kama shahidi aliyefundishwa. "Ulikuwa unasagwa mchele mkavu."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Aa." Akanisogezea gia yangu ya zamani chini ya taa. "Tazama vizuri. Ingekuwa imelemewa na mzigo, mchele, mawe, chochote, jino lingekatika shinani. Pang! Limekwenda. Haya hayakukatika. Yamesuguliwa juu, kidogo kidogo, siku nyingi, na yote yamelalia upande mmoja. Unajua kinachofanya hivi?"

Niliisogeza gia karibu na macho.

"Mtu anazima, mota bado inakimbia, yeye ameshanyakua jagi. Meno yanaachana yakiwa kwenye mwendo, krrr. Kila siku krrr. Kwenu nani anayenyakua jagi kabla mota haijatulia?"

"Kuna mtoto anayelia," nikasema.

"Mtoto ndiye ananyakua?"

Kidosho, nyuma ya mgongo wangu, alicheka kicheko cha kupokea sifa. Mimi uso sikujua niupeleke wapi.

"Mchele mkavu nao si mzuri," fundi aliongeza alipoona nimenywea. "Unakwaruza jagi na kufanya visu viwe butu. Lakini huyu hakuuawa na mchele."

Nilirudi nyumbani polepole, gia mpya mfuko wa kulia, ya zamani wa kushoto. Sitasema uongo: njiani nilifikiria kuitupa ile ya kushoto. Nani angejua? Ningefunga mpya, chakula kingekuwa laini, Mama angekula, Jumatatu mzani ungepanda, na mambo ya Ijumaa yangejifia yenyewe. Hata nilipita karibu na pipa la taka nikapunguza mwendo.

Kuifunga ilikuwa kazi ya dakika tano. Niliizungusha kwa vidole kwanza, kinyume cha mshale wa Mama, nikihisi nyuzi zinashikana bila kulazimishwa, kisha nikakaza kidogo. Kilichobaki, mzigo wenyewe ungeikaza. Nikarudisha skrubu nne. Nikajaribu kwa maji. Nikajaribu kwa kiazi kimoja. Kiazi kikatoweka.

Ndipo nikatia chungu chote, kuku na karoti na viazi na kijiko cha siagi, nikawasha. Sauti ilikuwa nyingine kabisa, nzito, ya mtu aliyeshika kazi. Kidosho akaanza kulia. Nikazima, na mkono wangu wa kushoto ukaenda wenyewe kwenye mshikio wa jagi. Nikaurudisha kama uliogusa moto. Mota ikazunguka, ikazunguka, ikapunguza, ikatulia. Kidosho alikuwa bado analia, na dunia haikuanguka.

Nilimmiminia Mama kikombe kikubwa. Kilikuwa laini hata mrija ukitikiswa haukuacha alama ya chembe. Akavuta. Akavuta tena. Nikaona rangi inarudi usoni mwake, au nilitaka kuiona. Kisha, kilipofika nusu, akakisukuma pembeni akachukua chaki.

NIMESHIBA.

"Mama, chakula ni laini. Au hakina chumvi?"

Akatikisa kichwa. Akaandika polepole, kwa herufi ndogo ambazo si zake: KITAMU. ITUNZENI BLENDA. MIMI NITAKUNYWA MCHUZI.

Nilisimama na kijiko cha Kidosho mkononi. Kumbe haikuwa chembe. Mtu aliyekataa kuliachia pazia la mteja hata anapoanguka alikuwa amekaa kwenye nyumba ya mwanawe tangu jana, akiamini kwamba ameharibu kitu cha watu na kwamba kila kikombe anachokunywa anakiharibu tena. Na mimi ndiye niliyempa imani hiyo, halafu nikamletea kikombe.

Nilikaa chini mbele yake. Nikatoa gia ya zamani, nikaiweka kwenye kiganja chake.

"Pitisha kidole, Mama. Wewe unajua vyuma."

Akapitisha. Mara moja, mara ya pili. Kidole kikasimama kwenye jino moja, kikarudi nyuma.

"Hayakukatika," nikasema. "Yamesuguliwa. Fundi anasema ni mtu anayenyakua jagi mota ikiwa bado inakimbia. Kila siku. Mtu huyo ni mimi, Mama. Mtoto akilia nakurupuka. Mchele wako umekwaruza jagi, hilo siwezi kukuondolea. Lakini gia ni yangu. Nilikusingizia mbele ya chakula chako. Nisamehe."

Aliizungusha ile gia kama kifungo anachotafutia nguo yake. Kisha mabega yakaanza. Akayashika mashavu kwa viganja viwili, maana kucheka kulimuuma, na machozi yakamtoka kwa kucheka na kwa maumivu, na ile sauti ya nyuki ikatoka puani, zzz, zzz. Nikaogopa kwa ajili ya nyaya. Kidosho aliacha kulia, akamkodolea bibi yake macho. Halafu, kwa mara ya kwanza, sauti ile ikamchekesha.

Mama akafuta macho kwa pembe ya kitambaa, akaandika kwa herufi zake kubwa:

KUMBE MUUAJI NDIYE ANANIPIKIA.

Akapangusa. Akakinywa kile kikombe mpaka mrija ukakoroma chini. Akakinyanyua, akanionyesha kwamba ni kitupu, na akaandika neno moja:

ONGEZA.

Niliongeza. Jumapili alikula mara tano, na mara ya tano aliniandikia kwamba siagi nimeibania. Jumatatu alivua viatu, akavua saa, akamkabidhi nesi mkoba, akapanda mzani akiwa amenyoosha shingo kama anayepimwa gauni. Nilishindwa kutazama, nilimtazama Kidosho.

"Arobaini na tisa na nusu," daktari akasema. "Umeshuka, Mama. Lakini umesimama juu ya mstari. Tuonane Jumatatu ijayo, na sitaki kuona hata gramu imepungua."

Mama alishuka mzanini. Alimpa daktari mkono, akaishika pua yake kwa vidole viwili, kama mtu anayehakikisha mali yake ipo, na tukaondoka.

Mchana ule nilisaga maboga na nyama. Nilipozima, Kidosho alikuwa ameshaanza kelele zake mkekani, na mguu wangu mmoja ulikuwa umeshageukia kwake. Kiganja cha Mama kikashuka juu ya mkono wangu, pale kwenye mfuniko, kikatulia hapo. Chini ya mikono yetu mtetemo ulipungua, ukapungua tena, ukawa kama pumzi ya mtu anayesinzia.

Hakuutoa mpaka mota ilipotulia. Ndipo akaninyooshea kidole jagi: haya, chukua.